Bambo Lililobaki Kwenye Barafu

Eldoret, Jumamosi, jua likiwa bado halijazama

Nekesa mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, soksi, na watu wa kwenye gari moshi wanaokuomba uwashikie mzigo mara moja. Sitarudia. Sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba, na wewe umekwenda kuwaaga majirani. Nimekaa kwenye meza unayoijua, ile yenye mguu uliofungwa waya, nikuandikie jambo ambalo nimekaa nalo bila kulisema tangu ulipokuwa darasa la pili.

Jumatatu utakuwa nyumbani kwa mjomba wako Wafula, Jinja. Mpaka hospitali iwapatie vitanda wanafunzi wauguzi, yeye ndiye atakayekuwa baba yako. Na mjomba huyo unamjua kwa jambo moja tu. Unamjua kama mtu aliyeacha chuma cha Mzungu ndani ya barafu.

Katika nyumba hii tumeligeuza jambo hilo kuwa msemo. Ukiunguza uji, unaambiwa umeacha chuma kwenye barafu. Ndugu yako Wanjala akisahau kufunga mlango wa kuku, huyo ni Wafula mtupu. Mama yako, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, huwa wa kwanza kulisema, kwa sababu anajua wengine watalisema, na kwake ni afadhali litoke kinywani mwake mwenyewe. Nami nimekuwa nikicheka. Siku ulipovunja kioo cha taa, mimi mwenyewe nilikuambia, "Damu ya mjomba haijifichi." Ukaenda nyuma ya nyumba ukalia. Nilitaka kukufuata. Sikukufuata.

Mjomba wako hakuacha chuma chochote. Mimi ndiye niliyekiacha.

Acha nianze mwanzo. Unanijua, mimi ni mtu wa kupanga mambo kwa mstari, na hata aibu naona ni heri niipange.

Bambo unalijua. Umeniona nalo ghalani: kile chuma chenye ncha, kilicho wazi tumboni, tunachochoma nacho gunia la mahindi ili tuone yaliyo katikati. Mkulima mjanja hawezi kuweka mahindi mabovu mdomoni mwa gunia. Huyaweka moyoni, na yale mazuri huyapanga kando kando. Bambo huingia ubavuni likatoka na punje chache, na maneno yanaishia pale. Kazi hiyo nimeifanya tangu kabla hujazaliwa, na ndiyo iliyonipeleka mlimani.

Baada ya vita, alikuja ghalani Mzungu mmoja mwenye shamba la ngano upande wa Moiben. Wafanyakazi wake walimwita Bwana Barafu. Ujanani mwake kwao Ulaya alisomea mawe na barafu, na ngano yake aliilima kama mtu anayengojea kitu kingine. Alinikuta nikichoma magunia. Akasimama akitazama, kisha akaniomba bambo akaligeuza geuza.

"Hii kitu, karani," akasema, "mimi nataka moja ya barafu."

Nikadhani ananitania. Lakini alikaa juu ya gunia akanieleza kwa Kiswahili chake cha shambani, na pale kilipomwishia akaendelea kwa Kiingereza. Magharibi mwa Uganda, alisema, kwenye milima ya Ruwenzori, kuna barafu isiyoisha mwaka hadi mwaka. Imelala tabaka juu ya tabaka: theluji ya majira ya mvua, kisha vumbi la kiangazi, kisha theluji tena. Mtu akichomoa mche mmoja wa barafu kutoka tumboni mwake, ataisoma mistari ile na kujua kama mlima unaongeza barafu au unaipoteza. Mashine za kazi hiyo zilikuwepo Ulaya, lakini zilikuwa nzito, za kuvutwa kwa kamba na magurudumu. Na mlima ule ni matope na mizizi. Kila kitu hupanda kwa mgongo wa mtu. Yeye alitaka kifaa ambacho mtu mmoja atakibeba na watu wawili watakizungusha.

Fundi mmoja Mhindi mjini alimtengenezea, kwa alumini iliyobaki baada ya vita. Nikueleze kilivyokuwa, maana usipokielewa hutalielewa kosa langu. Chini kulikuwa na bomba la urefu wa mkono wako, mdomo wake una meno ya chuma kigumu. Nje lilizungukwa na utepe uliojisokota kama wa keekee ya seremala, wa kupandishia unga wa barafu juu. Kwenye bomba uliunga fimbo nyepesi, moja baada ya nyingine kwa skrubu, kadiri shimo lilivyoongezeka, na juu kabisa mpini wa mti wa kushikwa na watu wawili. Unazungusha. Bomba likijaa, unavuta kitu chote nje, unafungua fimbo, unasukuma kwa kijiti, na mche wa barafu unateleza mikononi mwako, mweupe, wenye mistari ya kijivu. Nilipouona wa kwanza nilisema moyoni kwamba hata milima ina uboho.

Sisi tulikiita bambo tu, na jina likakaa.

Ubaya wa bambo lile ulikuwa mmoja. Jua la mchana huyeyusha barafu ya juu, maji yakachuruzika shimoni, na kule chini kuna baridi ya kuyagandisha tena. Kifaa kikitulia ndani ya shimo, maji yanagandia kwenye bomba, na mlima unakishika. Kwa hiyo tulikuwa na amri moja, na Bwana Barafu alitukaririsha kama watoto wa ubatizo: kikiwa ndani, kizunguke, kikitaka kusimama, kitoke kwanza.

"Ni kama ugali tu," mjomba wako alisema. "Ukiacha kusonga, utakula na sufuria."

Yeye alikuwa ametoka vitani karibuni. Alirudi na mabuti ya jeshi, mabega mapana, na mzaha usiochagua mtu. Kazi hakuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwombea kwa Bwana Barafu, akawekwa kwenye mpini. Jambo hilo nililikumbuka kupita kiasi. Ukimsaidia mtu apate riziki, mwanangu, jitahidi kulisahau mapema. Mimi sikulisahau, na likanifanya nimwone kama mtu ambaye sehemu yake fulani ni yangu.

Nami kwa kuwa nilisoma sekondari, nilifanywa msimamizi. Kazi yangu ilikuwa kupima kila mche unaotoka na kuandika mstari wa vumbi uko wapi, maana barafu haiwezi kubebwa mpaka Eldoret. Bwana Barafu aliniita mbele ya watu "karani yangu". Nilikuwa nikitembea na kipimo mfukoni hata wakati wa kula.

Tulipanda na wapagazi wenyeji wa mlima ule, tukafika kwenye barafu, tukaanza. Siku nyingi ukungu ulitufunga hemani. Kisha ikafika Jumapili, na mbingu ikafunguka yote.

"Leo tunachimba," akasema Bwana Barafu.

Sikuwahi kufanya kazi Jumapili. Ningeweza kukataa, hakuwa mtu mkali, angeniacha hemani. Au ningeweza kukubali kwa moyo mmoja, nikaifanya kazi kama kazi. Sikuchagua lolote kati ya hayo. Nilikubali, kisha nikaanza kutafuta namna ya kumtuliza Mungu. Nikasema, sawa, lakini adhuhuri tutasimama tufanye ibada.

Kabla ya adhuhuri Bwana Barafu alishikwa na kichwa, ugonjwa wa kule juu, akateremka hemani kulala. Akaniachia kila kitu. Shimo lilikuwa limekwenda chini kuliko siku zote, fimbo zimeungwa karibu zote, na Wafula pamoja na mpagazi mmoja walikuwa kwenye mpini wakizungusha. Wapagazi wengine walikuwa wamekaa juu ya mizigo wakiota jua. Nikatazama jua, nikaona saa imefika.

Nikuambie yote. Haikuwa ibada tu. Nyumbani, kanisani, mimi nilikuwa mtu wa kusoma matangazo. Mchungaji hakuniachia mahubiri hata siku moja. Na kule juu ya barafu sauti ilikuwa inasafiri ikigonga miamba na kurudi, na mbele yangu palikuwa na watu ambao hawangeweza kuondoka.

"Vueni kofia," nikasema. "Tuombe."

Yule mpagazi akaachia mpini. Wafula hakuachia.

"Shemeji, wacha tutoe hii chuma kwanza."

"Ni sala tu, Wafula."

"Sala zako nazijua. Si wewe uliombea ugali mpaka ikaota ngozi?"

Aliwatafsiria wapagazi kwa mikono na kwa Kiswahili kidogo walichokuwa nacho, nao wakacheka sana. Kicheko kile kiliniingia vibaya.

"Basi omba wewe," akasema, akiona uso wangu, "mimi nitazungusha polepole. Mungu si anaona hata mtu wa mpini?"

"Toa mikono hapo. Mikono ikiwa kazini, moyo hauko kwenye sala."

"Shemeji..."

"Msimamizi hapa ni nani?"

Akanitazama. Kisha akatoa mikono, akavua kofia yake ya jeshi, akafumba macho.

Nikaomba. Nilishukuru kwa safari. Nikamwombea Mfalme, nikamwombea Bwana Barafu na kichwa chake, nikawaombea wapagazi na nyumba zao, mama yako, wewe na Wanjala kwa majina, kanisa letu, mvua ya Uasin Gishu. Nilipofika kwa wagonjwa wote walio mbali, Wafula alikohoa. Nilidhani ni dharau. Nikaongeza yatima na wajane.

Niliposema amina, yeye ndiye aliyeurukia mpini. Haukusogea.

Wakashika wawili, wakashika wanne. Nikasema leteni birika, tukamwaga chai ya moto shimoni. Ilishuka ikapoa, ikaganda pia, tukawa tumeupa mlima gundi yenye sukari. Wafula alisema tusitumie nguvu, tusubiri Bwana aamke. Mimi nikasema vuteni. Fimbo ya pili ikajipinda kama bua la muhindi, ikakatika kwenye skrubu. Bomba lilibaki kule chini pamoja na meno yake, na ndani yake mche wa mwisho, ule ambao hakuna mtu aliyeuona.

Bwana Barafu alikuja jioni, kichwa amekifunga kitambaa. Akapiga magoti kando ya shimo, akachungulia kwa muda. Kifaa kilikuwa kimoja. Kilikuwa kimemchukua miaka, na safari ilikuwa imekwisha pale.

"Nani nasimamisha?" akauliza, bado amepiga magoti.

Wapagazi wakageukia mizigo yao.

"Wafula, wewe iko kwa mpini?"

"Ndiyo, Bwana. Mimi ni wa mpini."

Akanigeukia. "Karani, wewe nasema kweli siku zote. Nani naacha hii?"

Ningeweza kusema, tulikuwa tunaomba. Hata hilo tu lingetosha. Mzungu yule angeuliza aliyeamuru ni nani, na mambo yangefuata. Nikasema, "Mpini ulikuwa wa Wafula, Bwana."

Kila neno pale ni kweli, Nekesa. Pitia moja moja, hutapata la uongo. Tangu siku ile nimesikiliza watu wengi wakidanganya, wakulima na makarani na wazee wa kanisa, na ni wachache waliohitaji kusema jambo lisilo la kweli.

Wafula hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alitazama mabuti yake, kisha akasema, "Ni mimi, Bwana." Nilikuwa nimeuanza uongo nikauacha katikati, naye akanimalizia.

Siku ya kuteremka nilimfuata kwenye matope, nyuma ya wengine.

"Wafula, tukifika nitamwambia Bwana..."

"Nyamaza, shemeji. Dada yangu analala kwako. Wewe ukifukuzwa, watoto watakula nini? Mimi nina mabuti tu."

Nikanyamaza. Nilinyamaza upesi mno. Nilimwachia maneno yale kama mtu anayetuliwa mzigo kichwani, na bado nilikuwa nikijiambia kwamba nitalisema baadaye, mambo yakipoa.

Jioni ile ya Jumapili, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeandika shajara. Niliandika kwamba anga lilikuwa safi na kwamba kifaa kimekwama. Kana kwamba kilijikwamisha chenyewe. Unakwenda kuwa muuguzi, mwanangu, na kuna siku kikombe cha dawa kitamwagika na chupa itavunjika, na wote chumbani watatazama dari. Siku hiyo sema, "Ni mimi." Sema mapema, kabla mtu mwingine hajaulizwa. Sikupi shauri hili kama mtu anayelijua kwa kulitenda. Ninalijua kwa upande wa pili.

Bwana Barafu hakumpiga wala kumtukana mjomba wako. Alimwachisha kazi tu, na akasimulia kwa Wazungu wenzake jinsi alivyopoteza kifaa chake. Ilitosha. Kutoka Moiben mpaka Ziwa, kila shamba alikokwenda kuomba kazi, msimamizi alimuuliza, "Si wewe yule wa barafu?" Alijaribu hata kwenye kiwanda cha mbao. Mwisho akasikia kwamba Jinja wanajenga bwawa la umeme na wanataka watu wa kutoboa mwamba, akaenda.

Alikuja kutuaga. Ulikuwepo, ulivaa mabuti yake ukatembea nayo nyumba nzima, nasi tukacheka. Chakula kilipotengwa, alinitazama akasema, "Omba, shemeji. Lakini kumbuka chakula kiko moto." Mama yako akamkemea. Alimwambia mtu aliyepoteza kazi kwa uzembe hana ruhusa ya kumfanyia mzaha mume wa dada yake. Wafula akasema, "Kweli, dada," akainamisha kichwa. Nikaomba. Sikumbuki niliomba nini.

Tangu wakati huo nimefanywa mzee wa kanisa. Watu hunisifu kwamba sala zangu ni fupi, zina maana. Hawajui nilijifunza wapi. Na msamaha nimeuomba kwa Mungu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kumwomba Mungu kulikuwa rahisi kwangu. Yeye hakai Jinja.

Juzi ilipofika barua ya Wafula ya kusema uende ukae kwake, mama yako alitusomea kwa sauti. Unakumbuka pale alipoandika juu ya kazi yake? "Mwamba wa huku una tabia nzuri. Ukisimama upumue, haukushiki." Mama yako alicheka akasema kaka yake hajaacha upuuzi. Wewe ukacheka. Nami nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Hakuandika vile kunichoma. Namjua. Ni mzaha wa mtu aliyezoea kuwa peke yake ndani ya mzaha wake.

Shauri langu lilikuwa hili: kesho nikupe barua hii stesheni, gari moshi likianza kuondoka, uisome ukiwa umekwisha fika mbali, kisha umfikishie mjomba wako heshima ambayo nyumba hii imemnyima. Nilikuwa nimeona ni shauri zuri. Nilikuwa hata nimechagua bahasha.

*

Naendelea. Taa imewashwa, wewe bado hujarudi, na mambo yamebadilika.

Mama yako aliingia na sweta yako, akikaza kifungo.

"Unaandika nini mpaka unatoka jasho?"

Nikasema ni barua ya Nekesa. Akasema, "Nisomee." Nilitaka kumsomea mwanzo tu, ile ya soksi. Macho yangu yakashuka kwenye mstari unaofuata, na sauti ikafuata macho. Nilimsomea yote. Hakunikatiza. Sindano ilikuwa imesimama hewani.

Nilipomaliza, alisema, "Siku ile aliyokuja kuaga, nilimkemea."

"Ndiyo."

"Kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale pale ulipokaa sasa."

"Ndiyo, Mama Nekesa."

Alikaza kifungo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Nilingoja alie au anitukane. Alikunja sweta akaiweka juu ya sanduku lako.

"Hiyo barua ni ya nani?"

"Ya Nekesa, si nimekuambia?"

"Nekesa ndiye alimfukuzisha ndugu yangu?"

Nikaweka kalamu chini.

"Mtoto anakwenda kusoma, unamtwika hilo? Akalitue mbele ya mjomba wake kwa mikono yake? Kesho unapanda hiyo gari moshi, Elikana."

Na sasa, Nekesa, nakuandikia jambo linaloniaibisha kuliko lile la mlimani, kwa sababu lile nililifanya nikiwa kijana, na hili lina muda mfupi tu tangu nilifanye. Nilimwambia, "Kesho ni zamu yangu kuongoza sala kanisani."

Alinitazama. Umewahi kuona jinsi yeye na kaka yake wanavyofanana macho? Mimi nilikuwa sijawahi.

"Wataomba wengine," akasema. "Mungu hatakosa mtu wa kuzungumza naye."

Nikamuuliza kama atakuja nasi. Akasema hapana. "Nikikaa hapo, atakuhurumia kwa ajili yangu tena. Nenda peke yako, akuangalie vizuri." Kisha, alipofika mlangoni, akaongeza bila kugeuka, "Mimi nina barua yangu ya kumwandikia. Hiyo nitaiandika mwenyewe." Sasa hivi yuko jikoni. Nasikia anavyoweka masufuria chini, moja moja, polepole. Sijui atazungumza nami lini. Ukirudi ukamkuta hivyo, usimuulize. Si wewe.

Kwa hiyo kesho tutasafiri wote wawili. Nimekwisha kumtuma Wanjala kwa mwenzangu wa kanisani kumwambia ashike zamu yangu, na ufunguo wa ghala nitauacha kwa jirani. Huenda Bwana mkubwa wa ghala akaudhika. Na audhike.

Barua hii nitakupa hata hivyo, kesho asubuhi, kabla hatujatoka. Isome mbele yangu tukiwa njiani. Utakuwa na saa nyingi za kunitazama, nami sitageukia dirisha.

Kisha ihifadhi, maana nitakuhitaji mara moja. Najua tutakavyopokewa. Wafula atacheka toka mbali, atakunyang'anya sanduku, ataniita shemeji kwa sauti ambayo majirani watatoka kuangalia. Hatauliza nimefuata nini. Tutaoshwa mikono, chakula kitatengwa, na yeye, kwa wema ule ule, atasema, "Shemeji, tuombee."

Hapo ndipo ninapopaogopa. Naweza kujificha ndani ya sala hiyo, Nekesa. Naijua njia. Kwa hiyo kaa karibu nami. Nikishukuru kwa safari, sawa. Nikiombea chakula, sawa. Lakini ukisikia nimefika kwa wagonjwa walio mbali, kwa yatima na wajane, usingoje amina. Niguse mkono kwa barua hii chini ya meza. Nitajua kwamba chuma bado kiko ndani, na nitafungua macho nimwambie.

Ni mimi,
baba yako, Elikana